Gari la Maturubai la Bi Mwanamkuu

Stoo ya Bi Mwanamkuu binti Sadalla ipo Gerezani, ukuta mmoja na kibanda changu cha ufundi. Ndani kuna maturubai kumi na mawili, viti vya plastiki, majamvi, na masufuria ya pilau ambayo mtu mzima akiinama kuyasugua unamwona kiuno tu. Tumekuwa majirani miaka kumi na moja, na kwa muda mrefu maongezi yetu yalikuwa salamu ya asubuhi na kwaheri ya jioni. Mimi si mtu wa maneno. Naandika haya kwa sababu yote niliyaona, na kwa sababu hapa Gerezani wanayasimulia vibaya. Wanasema alipata gari jipya kwa kuwa ana mjomba serikalini. Mjomba wake alikuwa anauza urojo Magomeni na amefariki zamani.

Watu wengi wanamjua kwa harusi, lakini kazi yake hasa ni misiba. Harusi ina kadi na vikao, kila mtu anajua siku. Msiba wa Magomeni hauna hayo. Mtu anafariki alfajiri, baada ya adhuhuri au alasiri anazikwa, na katikati hapo watu mia mbili wanahitaji mahali pa kukaa. Chama cha kuzikana cha mtaa wake, ambacho mwenyekiti wake ni Mzee Idrisa, kilimpa yeye kazi hiyo miaka mingi iliyopita. Makubaliano yao hayakuandikwa popote. Simu ikipigwa, ndani ya saa moja na nusu turubai la kwanza liwe limesimama. Basi.

Miaka yote hiyo alikuwa anakodi magari ya watu, na gari la kukodi unalipata mwenye nalo akiwa hana safari yake. Ndiyo maana alijibana mpaka akanunua kirikuu, kile kigari kidogo cha mzigo, kipya kabisa, kwa wakala mmoja aliyeko njia ya uwanja wa ndege. Sisi mafundi tulimcheka. Tulimwambia kwa hela ile angepata gari lililotumika Japani, kubwa zaidi, na sisi tupo hapa, likiharibika tunalifungua. Akatujibu kwamba anataka gari lenye mtu wa kumuuliza. Alikuwa na kitabu cha waranti cha miaka miwili, akakifunga kwenye nailoni na kukiweka kabatini pamoja na hati ya nyumba.

Wiki ya sita gari lilizimika Jangwani, saa saba mchana, foleni imesimama na mzigo upo nyuma. Halikutoa moshi wala mlio. Lilizima tu kama taa. Khalfani, mtoto wa kaka yake ambaye ndiye dereva, alizungusha ufunguo mpaka mkono ukamuuma. Baada ya nusu saa likawaka lenyewe kana kwamba halijafanya kitu.

Ugonjwa wa namna hiyo ndio mbaya kuliko yote. Gari likifa moja kwa moja utalitibu. Hili lilikuwa linakufa kwenye joto na foleni, halafu asubuhi ukilipeleka kwa wakala, hewa ya baridi, linanguruma vizuri. Mara ya kwanza walilizungusha uwanjani kwao, wakamwambia halina tatizo. Kijana wa mapokezi akaandika kwenye kadi ya kazi: gari limekaguliwa, ni zima. Bi Mwanamkuu akamrudishia ile kadi.

“Mwanangu,” akamwambia, “andika nilichokueleza mimi. Ulichokiona wewe utakiandika chini yake.”

Kijana akasema mfumo wao hauna nafasi ya maneno marefu. Bi Mwanamkuu akavuta kiti, akakaa mbele ya ile meza na mkoba mapajani. Khalfani anasema alikaa pale bila kugomba wala kununa, akawa anawasalimia wateja wanaoingia na kuwauliza gari zao zina nini. Baada ya wateja watatu nafasi ikapatikana. Kadi ikaandikwa: mteja anasema gari linazima likipata joto, hasa kwenye foleni, na linawaka baada ya nusu saa.

Mara ya pili kadi ilisema pampu ya mafuta imebadilishwa. Mara ya tatu ikasema pampu imebadilishwa tena na nyaya zimesafishwa. Kila mara likirudi lilikuwa linakaa wiki moja, siku kumi, kisha linazima.

Kuna jambo linalotuponza sana sisi watu wa hapa, nami nimo. Ukienda kuchukua chombo chako kwenye ofisi yenye kiyoyozi, wanakupa karatasi, wanakuonyesha kwa kidole pa kusaini, nawe unasaini. Unaona haya kusoma mbele ya mtu anayekusubiri. Utaonekana mshamba, au utaonekana humwamini mtu aliyekukaribisha maji baridi. Karatasi ya wakala ilisema mteja amepokea gari likiwa zima na ameridhika. Bi Mwanamkuu alivaa miwani akaisoma yote, huku watu nyuma yake wakikohoa, kisha juu ya sahihi yake akaandika kwa mkono: Nimelipokea. Kupona sijui. Alifanya hivyo mara ya pili, na ya tatu pia. Khalfani alikuwa anaona aibu mpaka anatoka nje.

Mara ya nne ndiyo iliyoleta balaa. Simu ya msiba ilikuja saa tatu asubuhi, na maziko yalikuwa adhuhuri. Bi Mwanamkuu alikuwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, ananunua vitambaa vya meza. Khalfani akapakia, akatoka hatua chache mbele ya kibanda changu, gari likazima, safari hii hata kabla ya joto, na likagoma kuwaka. Akanikimbilia. Nilichukua spana nikaenda. Hata sikufikiri. Ndivyo ilivyo Gerezani, gari likizima mbele yako unalifungua, hiyo ndiyo salamu yetu. Mafundi wengine wawili walishakuja na bisibisi zao, mmoja anaitwa Safari, mtu wa maneno sana.

Nilikuwa nimelala chini ya gari, spana ipo tayari kwenye bolti ya tangi, niliposikia kandambili zinakuja kwa haraka.

“Fundi Bakili,” akasema Bi Mwanamkuu, “toa mkono wako hapo.”

Safari akacheka. “Bi Mkubwa, hili gari la waranti ni kama mke wa sultani. Halishikwi?”

“Halishikwi,” akasema. “Mkilishika leo, kesho mume atapata wa kumsingizia.”

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo, lakini nilipotoka chini ya gari niliona uso wake. Alikuwa anajua anachokitoa. Dakika ishirini zangu zingeweza kuliwasha lile gari, na yeye alizikataa, msiba unamsubiri. Akaita mikokoteni miwili kutoka Kariakoo, wakapakia upya, akaitangulia kwa miguu hadi Magomeni, akiwafungulia njia kwa mkono kama askari wa barabarani. Walifika maiti imeshaoshwa. Wazee walikuwa wamekaa juani wakijifunika vichwa kwa kanzu, na mama mmoja alikuwa ameanguka kwa joto.

Jioni Mzee Idrisa alikuja stoo. Ni mtu mpole. Alimwambia kwamba wanachama wamelalamika, na yeye amewaomba wavumilie, lakini ikitokea tena hatakuwa na la kuwaambia, kazi atapewa mwingine. Bi Mwanamkuu alimwitikia kila neno. Hakumtajia gari. Mzee alipoondoka, alikaa juu ya rundo la viti mpaka adhana ya magharibi, na mimi kwa upande wangu sikuweza kwenda kumwambia pole.

Wakala walilivuta gari kutoka Gerezani, na baada ya siku tano ikaja barua. Nimeisoma mwenyewe. Ilisema kwa kuwa gari limekutwa Gerezani, na mfumo wa mafuta unaonyesha umeguswa na mafundi wa nje, waranti imefutwa. Hata hivyo, kwa kumjali mteja, wamelitengeneza bure mara hii ya mwisho. Aje alichukue, na asaini kwamba hana dai lolote tena.

Khalfani alisema waende. “Shangazi, gari limepona, bure. Tunataka nini tena?” Mafundi wote walisema hivyo hivyo. Hata mimi moyoni nilisema hivyo. Alikuwa hana gari, misiba haikatiki, na Mzee Idrisa ameshasema neno lake. Wakala nao wakapiga simu mara mbili kumkumbusha.

Hakwenda. Alivaa baibui la kutokea, akaweka kadi zote tatu, nakala za karatasi alizosaini na ile barua kwenye mfuko, akapanda ngazi za jengo moja Mchafukoge, juu ya duka la mapazia, ambako kuna ofisi inayosaidia watu mambo ya sheria. Alinichukua na mimi, kwa sababu alitaka mtu wa kueleza pampu ni nini. Nilikaa kwenye ukingo wa kiti.

Pale tulimkuta dada anaitwa Ritha. Alisoma karatasi zote polepole, na alipofika kwenye ule mwandiko wa Kupona sijui, akasimama kusoma, akamtazama Bi Mwanamkuu.

“Hili nani alikwambia uandike?”

“Hakuna. Ndiyo ilikuwa kweli.”

Ritha akatueleza kwa lugha tuliyoielewa. Alisema kitabu cha waranti ni ahadi ya muuzaji, lakini nyuma ya kitabu kuna sheria ya uuzaji wa bidhaa, ambayo ipo hata kama kitabu kisingekuwepo. Ukimwambia muuzaji unataka gari la kubeba mizigo, akakuuzia, gari liwe linaweza kubeba mizigo. Muuzaji anastahili kupewa nafasi ya kutengeneza, na hao wamepewa, kadi ndizo ushahidi. Sasa anaweza kudai gari lingine, au arudishiwe fedha, au abaki nalo na alipwe fidia. Lakini akamwonya. Ukikaa na gari lenye ubovu kimya, ukaendelea kulitumia, ukasaini umeridhika, siku ya siku utaambiwa ulishalikubali, na hapo kulirudisha itakuwa vigumu, labda upate fidia tu. Kwa hiyo akilichukua leo na kusaini karatasi ile, amejifungia mlango mwenyewe.

Bi Mwanamkuu akauliza itachukua muda gani. Ritha hakumdanganya. Alisema wataanza kwa barua ya madai yenye siku za kujibu. Wakikaidi, kuna Tume ya Ushindani, ambayo hupokea malalamiko ya walaji, na kuna mahakama. Mahakamani inaweza kuwa miezi, inaweza kuwa zaidi.

“Na huko kote nitakuwa bila gari.”

“Huko kote, mama.”

Tulishuka ngazi. Mtaani akasimama mbele ya mapazia, akaniuliza mkokoteni wa magurudumu mapana, ule wa wabeba magunia, unapatikana kwa nani. Nikajua ameshaamua.

Wiki saba zilizofuata ndizo zilizonifanya niandike. Alipanga mikokoteni mitatu na vijana wa Kariakoo waliokubali kuitwa saa yoyote. Alihamisha maturubai manne na viti mia akaviweka uani kwake Magomeni, chumbani kwa wapangaji na hata chini ya kitanda chake, ili simu ikija turubai la kwanza lisitoke mbali. Siku ya mvua alitangulia mbele ya mkokoteni Jangwani, maji yanamfika kwenye vifundo vya miguu, akipapasa barabara kwa mwavuli kutafuta mashimo. Ilikuwa misiba tisa katika wiki hizo. Hakuchelewa hata mmoja. Mzee Idrisa hakujua kama gari halipo mpaka msiba wa sita, alipomkuta anasukuma.

Wakala walipopata barua ya Ritha walijibu kwa maneno yale yale ya mafundi wa nje. Ritha akaandika tena, akataka gari likaguliwe mbele ya pande zote, na nakala ya barua akaipeleka Tume. Hapo wakakubali. Bi Mwanamkuu akaniomba niende kama fundi wake.

Sikulala vizuri. Mimi nimeishia darasa la saba, huko Lindi, na pale kuna watu wenye makoti yenye majina kifuani. Tulifika asubuhi. Mkuu wao wa karakana, bwana anaitwa Filbert, alitupokea kwa adabu. Gari likanyanyuliwa juu kwa mashine, nikaingia chini yake na tochi. Nilitazama nilichokitazama, nikatazama tena. Kisha nikamwendea Bi Mwanamkuu nikamnong'oneza.

Kiwandani, wakishakaza bolti, wanapitisha mstari wa rangi kutoka kwenye bolti mpaka kwenye chuma. Ukiizungusha hata robo, mstari unakatika, na huwezi kuuunga. Pampu ya gari lile ipo ndani ya tangi, na huifikii bila kushusha tangi. Bolti za tangi zote zilikuwa na mistari ya njano mizima, na vumbi la miezi juu yake.

“Waambie,” akasema.

Nikamwomba aseme yeye.

“Nikisema mimi, ni mwanamke wa maturubai anasema. Wewe ndiye unayeijua bolti, fundi. Sema, nipo hapa nyuma yako.”

Nikasema. Sauti ilitoka ndogo, Filbert akaniomba nirudie. Nikamwelekezea tochi, nikamwambia tangi hili halijashushwa tangu lilipotoka kiwandani. Kwa hiyo hakuna fundi wa Gerezani aliyeligusa. Nikaishia hapo, maana lililofuata lilikuwa linawahusu wao, na sikupenda kumwaibisha mtu kwake. Lakini halikuhitaji kusemwa. Filbert aliingia chini mwenyewe. Akapapasa bolti moja baada ya nyingine kwa kidole gumba. Alipotoka akaomba zile kadi mbili zilizosema pampu imebadilishwa, akazisoma akiwa amesimama.

“Hii pampu haijabadilishwa,” akasema. Akawageukia watu wake, hakuna aliyemtazama. Nampa heshima yake yule bwana. Angeweza kusema atachunguza. Alisema pale pale, mbele ya Ritha, na akakubali kuliandika na kutia sahihi.

Siku tatu baadaye walimwita ofisini. Walitaka kuweka pampu mpya, kweli safari hii, na kumwongezea waranti mwaka mmoja. Khalfani alichekelea. Ritha akamwambia Bi Mwanamkuu hiyo ni haki yake kuikubali, na haki yake kuikataa, hakuna atakayemlaumu. Bi Mwanamkuu aliwaambia wenye ofisi kwamba hana kinyongo nao. Gari hilo linaweza kuwa limepona kweli. Ila yeye kila likiingia foleni atakuwa anasikiliza injini badala ya kufikiria wafiwa, na kazi yake haifanyiki hivyo. Anataka lingine. Na kabla ya lingine, anataka barua isemayo kwamba mafundi wa Gerezani hawakuligusa lile la kwanza.

Mkubwa wao mmoja akashangaa, akauliza barua hiyo ya mafundi inamsaidia nini.

“Mimi hainisaidii,” akasema. “Inawasaidia majirani zangu. Mmewaandika kwenye karatasi, wafuteni kwenye karatasi.”

Wakakubali yote mawili, na barua nikaibandika ubaoni kibandani kwangu. Safari, mwenye maneno mengi, alipoiona aliisoma mara mbili, akaenda kumnunulia Bi Mwanamkuu soda, akaiweka mezani kwake na kuondoka bila utani wowote. Sijawahi kumwona hivyo.

Gari la pili lilitolewa siku ya Alhamisi. Wakala walifanya sherehe ndogo, nadhani ili mambo yaishe kwa wema. Walilifunga utepe mwekundu mpana wenye ua kubwa kwenye boneti, kukawa na keki na mpiga picha. Bi Mwanamkuu alikuwa anaambiwa asogee kidogo kulia, ufunguo aunyanyue juu, simu yake ikalia. Alisikiliza. Akasema inna lillahi, akauliza nyumba ipi, akauliza maziko saa ngapi.

“Khalfani, washa.”

Mpiga picha akamwomba dakika moja tu. Akamwambia atakuja siku nyingine, akatuomba radhi sote, akapanda. Mimi nilirukia nyuma kwa kuwa sikuwa na usafiri mwingine. Tulipitia stoo, tukapakia kwa pupa, tukashika njia ya Jangwani jua likiwa kali na foleni imelala. Halikuzima. Kabla ya kuingia Magomeni, Bi Mwanamkuu akamsimamisha Khalfani pembeni. Tulikuwa tunaelekea kwenye msiba na ua la harusi mbele. Aliteremka, akalifungua lile fundo mwenyewe kwa meno na kucha, akaukunja utepe vizuri kama anavyokunja vitambaa vyake, akaniambia niukalie nyuma huko usionekane.

Turubai la kwanza lilisimama ikiwa imebaki nusu saa nzima ya ile saa moja na nusu. Mzee Idrisa alikuwa mlangoni anapokea watu. Alilitazama gari, akalitazama turubai, akavuta kiti kimoja akakiweka kivulini, akamwambia Bi Mwanamkuu akae kidogo. Akamjibu kwamba bado kuna maturubai mawili ya kusimamisha.